"Rezo Hakuna" Si Jibu



Hapa Kamenge kuna maneno mawili ambayo siku hizi hakuna asiyeyajua, mkubwa kwa mdogo: "Rezo hakuna." Utayasikia kwenye dirisha la malipo mwisho wa mwezi, kwenye kibanda cha kutolea pesa za simu, na kwenye lango la kiwanda ambako sasa mtu huweka kidole juu ya mashine badala ya kutia sahihi katika daftari la mahudhurio. Karani akishayatamka maneno hayo, mazungumzo yamekwisha. Mfanyakazi hurudi nyumbani mikono mitupu, kesho yake huomba ruhusa upya, na siku hiyo ya pili pengine hukatwa.

Sisi tunasema kwamba "rezo hakuna" si jibu. Hitilafu inayokuja na kuondoka ina sababu yake, kama vile homa ina sababu yake, na sababu hiyo yaweza kutafutwa ikapatikana. Na hadi itakapopatikana, hasara yake haifai kuwekwa juu ya mabega ya mfanyakazi. Hayo ndiyo tunayotaka kuyaeleza leo, na tutayaeleza kwa lugha ya kazini, maana kompyuta nayo ni mashine kama mashine nyingine.

Kukatika na kukatikakatika

Yafaa kwanza tutenganishe mambo mawili. Kuna rezo kukatika kabisa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na intaneti ikazorota katika nchi nyingi za Afrika Mashariki kwa wakati mmoja. Burundi haina bahari. Mawasiliano yake hupita kwa majirani kabla ya kufika kwenye nyaya za pwani. Hitilafu ya namna hiyo haijifichi. Inawapata wengi pamoja, na redio huitangaza.

Lakini inayotusumbua kila mwezi ni ya namna nyingine. Saa tatu mashine inakubali. Saa tatu na dakika kumi inakataa. Robo saa baadaye inakubali tena, bila mtu kugusa kitu. Aliye mbele yako amelipwa, wewe umekataliwa, aliye nyuma yako amelipwa. Hapo usikubali haraka kwamba rezo haipo. Mara nyingi rezo ipo, ila daftari ndilo lililokataa kufunguliwa.

Daftari moja, njia chache

Majina yetu, siku tulizofanya kazi, kilo za majani ya chai zilizopimwa, na faranga tunazodai, vyote huwekwa katika daftari kubwa lililo ndani ya kompyuta. Wataalamu huliita hifadhidata, na kompyuta inayolitunza huitwa seva. Kila karani anapobonyeza, programu yake hufungua njia ya kuingia katika daftari hilo, huuliza au huandika, kisha huiachia njia hiyo ili mwingine apite.

Njia hizo si nyingi. Programu mbili za hifadhidata zinazotumika sana duniani huja na kikomo kilichowekwa tayari, na hubaki hivyo mpaka fundi akibadilishe: PostgreSQL njia 100, MySQL njia 151. Katika zile 100 za PostgreSQL, 3 huwekwa akiba kwa ajili ya msimamizi, ili aweze kuingia hata kukiwa na msongamano. Njia zikijaa, anayefuata hurudishwa mlangoni, hata kama rezo ni nzima kabisa. Karani huona maandishi ya kosa kwenye kioo, huyasoma au hayasomi, kisha hutoa jibu lile lile tunalolijua.

Sasa mtu atauliza: kama jana tulikuwa watu wale wale na kazi ilikwenda, mbona leo njia zimejaa? Swali hili ni la maana sana, na jibu lake wafanyakazi tunaliweza. Mwaka 1961 mtaalamu wa Marekani aitwaye John Little alitoa uthibitisho wa kanuni moja ya foleni. Kanuni yenyewe ni fupi: idadi ya walio ndani ni sawa na idadi ya wanaoingia kila sekunde, mara muda ambao kila mmoja anakaa ndani.

Tuchukue mfano. Tuseme maombi 50 yanaingia katika daftari kila sekunde, na kila moja linakaa sehemu ya tano tu ya sekunde. Hamsini mara sehemu ya tano ni 10. Basi njia 10 zinatosha, na seva imepumzika. Sasa mkubwa mmoja ofisini anaagiza hesabu za mwaka mzima, saa ile ile ambayo watu wako dirishani. Daftari linaelemewa, na kila ombi linaanza kukaa sekunde 3. Hamsini mara 3 ni 150. Kikomo ni 100. Watu hawakuongezeka hata mmoja, lakini mlango umejaa na wengine wamefukuzwa. Hesabu za mkubwa zikimalizika, mlango unafunguka, na kila mtu anasema, "Rezo imerudi." Kumbe rezo haikuondoka.

Umbali nao huongeza muda wa kukaa ndani. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwezi Machi 2007, lakini seva zake zilikuwa Ujerumani, na hazikuhamishiwa Kenya mpaka mwaka 2015. Fikirini safari hiyo: mtu anatuma pesa kwa jirani yake, na swali linakwenda Ulaya na kurudi. Programu ikiandikwa vibaya, ikauliza maswali 20 moja baada ya jingine, na kila swali likatumia sehemu ndogo ya sekunde, tuseme 0.15, kwenda na kurudi, hizo tayari ni sekunde 3. Mwenye kununua programu aulize mapema daftari litakaa wapi. Akiuliza siku ya mshahara amechelewa.

Nani anashikilia njia?

Fundi mwema hashuku mvua wala mizimu. Huuliza: njia hizi zimeshikwa na nani, tangu saa ngapi, na anafanya nini nazo? Programu zote mbili tulizozitaja zina orodha inayoonyesha mambo hayo wazi. Kwa kawaida fundi hukuta mmoja kati ya watu watatu.

Wa kwanza ni yule tuliyekwisha kumtaja, mwenye swali zito. Huyu huhamishiwa usiku, au swali lake hurekebishwa ili daftari lisilazimike kufunguliwa ukurasa baada ya ukurasa.

Wa pili ni mwazimaji asiyerudisha. Kila mfanyakazi wa karakana anamjua. Anachukua spana stoo, anamaliza kazi, anaiacha pale pale chini ya mashine, na kesho anachukua nyingine. Siku ya kwanza hakuna anayegundua. Siku ya kumi stoo ni tupu. Programu yenye kasoro hufanya vivyo hivyo: hufungua njia na, kila inapokutana na kosa dogo, husahau kuirudisha. Ndiyo maana hitilafu ya namna hii haiji siku ile programu inapofungwa. Huja baada ya siku kadhaa, na huja wakati wa kazi nyingi.

Wa tatu ni njia iliyokufa bila mwenyewe kujua. MySQL, isipobadilishwa, hukata njia iliyokaa kimya kwa sekunde 28,800, yaani saa 8. Kiwanda kikifungwa saa kumi na moja jioni na kufunguliwa saa moja asubuhi, zimepita saa 14. Programu ya langoni bado inaamini njia yake ya jana ni nzima. Mfanyakazi wa kwanza anaweka kidole, anakataliwa. Wa pili anaweka, anakubaliwa, kwa sababu programu imekwisha kufungua njia mpya. Tazameni basi maajabu hayo: aliyewahi kuliko wote ndiye anayekosa alama ya kufika, na pengine ndiye anayeandikwa mtoro. Vifaa vya ulinzi vilivyo katikati ya rezo navyo vyaweza kukata njia iliyo kimya baada ya dakika chache tu, bila kumjulisha yeyote. Dawa ya jambo hili ni rahisi: programu iijaribu njia kabla ya kuitumia, au iziache zile za zamani kabla hazijakatwa. Lakini dawa haitolewi kama ugonjwa haujatajwa.

Kuzima na kuwasha

Mahali pengi matibabu ni mamoja tu. Zima, washa. Na kweli, mashine ikiwashwa upya mambo huenda vizuri, watu hulipwa, na mkubwa husema fundi ni hodari. Lakini kilichotokea ni nini? Spana zote zimekusanywa kwa nguvu na kurudishwa stoo. Yule asiyerudisha yuko pale pale, na kesho asubuhi anaanza kuazima tena. Zaidi ya hayo, ile orodha ya nani alikuwa ameshika njia imefutika wakati wa kuzima. Ni kama kuosha damu sakafuni kabla mkaguzi wa ajali hajafika.

Hatusemi watu waachwe kwenye jua wakingojea uchunguzi. Mwenye njaa hangoji. Tunasema fundi apewe dakika tano kabla ya kuzima, anakili orodha ile na maandishi ya makosa, aandike tarehe na saa, kisha azime na kuwasha. Dakika tano hizo zitaokoa saa nyingi za mwezi ujao.

Wengine husema, ongezeni njia, ziwe 500. Jambo hili nalo linataka tahadhari. Katika PostgreSQL kila njia hula sehemu yake ya kumbukumbu ya mashine. Kuongeza madirisha 500 huku nyuma yake kuna karani mmoja na daftari moja hakuharakishi malipo hata kidogo. Karani atachanganyikiwa na wote watachelewa. Mafundi wenye uzoefu mara nyingi hufanya kinyume: huweka njia chache zilizo wazi daima, na maombi hupanga foleni fupi kuzingoja. Foleni yenye utaratibu huenda mbele kuliko msukumano mlangoni.

Na sisi wenyewe tuna sehemu yetu. Mashine inapokawia, mkono hutaka kubonyeza tena na tena. Tusifanye hivyo. Kila mbonyezo ni ombi jipya mlangoni, na mlango tayari umejaa. Tena kuna hatari kubwa zaidi: pengine ombi la kwanza liliandikwa, ila jibu ndilo lililopotea njiani. Ukibonyeza tena, umeandika mara mbili. Ngoja kidogo, angalia salio au kumbukumbu, ndipo ujaribu.

Yaliyowapata wenzetu Uingereza

Asidhani mtu kwamba jambo hili ni dogo, la usumbufu wa foleni tu. Mwaka 1999 posta ya Uingereza ilianza kueneza mashine za hesabu zilizoitwa Horizon, kazi ya kampuni ya Fujitsu, katika maelfu ya posta zake. Mashine zilikuwa na kasoro za namna nyingi. Zilipoonyesha upungufu wa pesa, wasimamizi wa posta ndogo walitakiwa kuulipa kutoka mifukoni mwao. Wengi waliuza walivyokuwa navyo. Zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa wizi na udanganyifu, na baadhi walifungwa gerezani.

Katika mji wa Bridlington, Lee Castleton alipiga simu kwa wasaidizi wa mashine mara 91 kueleza kwamba hesabu haziendi sawa. Hakusaidiwa. Alishtakiwa kwa upungufu wa pauni kama 25,000, akashindwa, akatakiwa kulipa gharama za kesi pauni 321,000, akafilisika. Huko Dalmellington, Scotland, mwaka 2015, kioo cha mashine kilikwama wakati wa kupokea pauni 8,000. Msimamizi akabonyeza tena na tena, kama ambavyo yeyote kati yetu angefanya, na mashine ikaandika pesa zile mara nne. Ukatokea upungufu wa pauni 24,000 ambazo hazikuwahi kuwapo duniani.

Jambo la kusikitisha kuliko yote ni kwamba wengi wao waliambiwa: "Ni wewe peke yako mwenye tatizo hili." Kila mmoja aliamini, akaona haya, akanyamaza. Haki yao ilianza kupatikana pale walipokutana. Alan Bates aliwakusanya wenzake mwaka 2009, wakalinganisha yaliyowapata, wakagundua kwamba hakuna aliyekuwa peke yake. Watu 555 walikwenda mahakamani pamoja, na Desemba 2019 jaji akaamua kwamba mashine zile zilikuwa na kasoro zilizoweza kuharibu hesabu. Mwaka 2024 bunge la nchi hiyo likapitisha sheria ya kufuta hukumu zilizotokana nazo. Miaka ishirini na zaidi ilikuwa imepita, na baadhi ya waliohukumiwa walikuwa wamekwisha kufa.

Nchi ile ina mahakama za zamani, magazeti mengi na wanasheria wengi, na bado neno la mashine lilishinda neno la binadamu kwa miaka ishirini. Je, mchuma chai mlimani, ambaye kilo zake zimepotea kati ya mizani na daftari, atatetewa na nani kama si wenzake?

Si mambo ya mafundi peke yao

Tunajua tutakavyojibiwa. Tutaambiwa kwamba kompyuta ni mambo ya wataalamu, na chama kishughulike na mishahara na viatu vya kazi. Lakini mashine ya kufuma inapokata kidole cha mtu, chama hakiulizi tu bei ya dawa. Kinauliza kinga ya mashine iliondolewa na nani, na kwa nini mashine haikusimamishwa. Kompyuta ya mishahara nayo inaweza kukata. Inakata siku ya kazi, inakata kilo, inakata faranga. Kwa hiyo iko ndani ya kazi yetu.

Wala hatuji kumshitaki fundi wa kompyuta. Fundi huyo ni mfanyakazi mwenzetu. Mara nyingi yuko mmoja tu, huamshwa usiku, hupigiwa kelele awashe upesi, na hapewi muda wa kutafuta kiini. Akiomba seva ya kufanyia majaribio huambiwa fedha hakuna. Kisha hitilafu ikirudi, lawama ni zake. Tunapodai hitilafu zichunguzwe, tunamtetea na yeye.

Tunachotaka kifanyike

Kwanza, kila dirisha la malipo na kila lango liwe na daftari la karatasi la hitilafu. Iandikwe tarehe, saa na dakika, mashine ipi, na maneno kamili yaliyoonekana kwenye kioo. Maneno "rezo hakuna" yasikubaliwe katika daftari hilo. Hitilafu kumi zilizoandikwa vizuri zitaonyesha zenyewe kama zinakuja asubuhi baada ya usiku wa kimya, au mchana wakati wa hesabu kubwa, au siku kadhaa baada ya kuwashwa.

Pili, seva isizimwe kabla fundi hajanakili orodha ya njia na kumbukumbu za makosa.

Tatu, hesabu kubwa za ofisi zisifanywe saa za kulipa watu. Na siku za malipo zigawanywe kwa idara, wote wasiitwe saa moja.

Nne, mashine ya mahudhurio inapokataa, msimamizi aandike jina la mfanyakazi kwa kalamu saa ile ile, na maandishi hayo yahesabiwe sawa na ya mashine. Mashambani, kila mchumaji apewe karatasi ya kilo zake kabla hajaondoka kwenye mizani.

Tano, pasiwe na makato yoyote ya mshahara, wala barua ya onyo, kwa upungufu ulioonyeshwa na kompyuta, mpaka kumbukumbu za mashine za siku hiyo zimeangaliwa mbele ya mjumbe wa wafanyakazi.

Hakuna katika haya linalotaka fedha nyingi. Daftari la karatasi ni faranga chache, na kalamu tunazo. Kinachotakiwa ni nia, na nia ya mwajiri huja upesi zaidi anapoona wafanyakazi wameshika maandishi mikononi.

Basi wajumbe wa matawi wasingojee. Mwisho wa mwezi huu, dirisha likikataa, mmoja aangalie saa na aandike. Mwezi ujao vivyo hivyo. Kisha matawi yakutane na kulinganisha. Mfanyakazi akichelewa dakika tano, jina lake huandikwa. Mashine nayo ikikataa dakika tano, iandikwe.